Mziba Tuta wa Namwedi

Kibibi binti Mfaume alikuwa na miaka kumi na saba alipojua kusikiliza kwa nyayo, na hakuna aliyemfundisha. Mwaka ule Nazarali, mwenye duka la vyombo Lindi mjini, alikuwa amepata kibali cha kufyeka mikoko ya Namwedi, kijiji kilichoko kaskazini ya Mchinga, ili atengeneze mabwawa ya chumvi. Kijiji kizima kilishika mapanga, na Kibibi naye akashika la kwake. Mama yake, aliyekuwa akiishi kwa kaa na chaza wa mle mikokoni, alisimama penye kona ya nyumba akitazama magogo yanavyoburutwa. Akasema hajui ugali wa mwakani utaliwa na nini. Hakujibiwa, maana kazi ya mshahara ilikuwa imekuja na kila mtu alikuwa na haraka nayo.

Msitu ulipokwisha wakajenga tuta. Kwa asiyelijua, tuta la chumvi ni ukuta wa udongo wa mfinyanzi, wa kufika kifuani, unaoyazunguka mabwawa yote na kuyatenga na bahari. Maji huingizwa kwa mlango wa mbao siku za bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa kuliko siku zote. Kisha mlango hufungwa, jua hufanya kazi yake, na baada ya wiki kadhaa watu huingia na reki kukwangua chumvi. Tuta likivuja, maji mapya yanaingia, chumvi inayeyuka, na jasho la mwezi mzima linarudi lilikotoka. Na tuta la Namwedi lilivuja, kwa sababu kaa walionyang'anywa msitu wao hawakuhama. Walihamia ndani ya tuta, wakatoboa.

Hapo ndipo Kibibi alipopatia jina. Aligundua kwamba akitembea peku juu ya tuta asubuhi, kabla jua halijapasha udongo, unyayo wenyewe unamwambia palipo na tundu: pana ubaridi mwembamba, na udongo unabonyea kidogo kama mkate wa kumimina usioiva vizuri. Akipapata hupiga magoti, akashindilia tope la mfinyanzi, juu yake nyasi zilizokatwakatwa, tope tena, na mwisho kisigino mpaka pabane. Msimamizi aliwahi kuleta wanaume wenye vijiti vya kupimia, wakachokonoa hapa na pale na kutoboa palipokuwa pazima. Waliondoka wiki ile ile. Kazi ikabaki kwa Kibibi, na msaidizi wake akawa Somoe, msichana rika lake, mwenye nguvu za kubeba karai mbili za tope bila kuhema. Walifanya hivyo miaka ishirini na sita. Kibibi aliolewa, akaachika, akazaa watoto wawili, akamzika mama yake, na katika yote hayo tuta halikupitisha maji.

Msijidanganye, kazi ya chumvi si nzuri. Visigino vyao vilipasuka nyufa za kuingia ncha ya kisu, na macho yaliwawasha mpaka Idd. Lakini mtu akijua kitu ambacho wengine hawakijui, hata kiwe kuziba matundu ya kaa, huwezi kumwambia hicho si kitu. Nazarali mwenyewe, akija na gari lake jeupe, alikuwa akimsalimia Kibibi kabla ya kumsalimia msimamizi. Hilo lilimvimbisha kichwa kidogo, tukubali.

Nazarali alizeeka, wanawe wakahamia Dar es Salaam, chumvi ya viwandani ikajaa madukani, na msimu mmoja hakuja mtu kufungua mlango wa maji. Mabwawa yakakaa miaka minane pale, meupe, hayana chumvi wala nyasi, na tuta likasimama kwa nguvu ya viraka vya zamani vya Kibibi. Mwisho familia ikairudishia serikali ya kijiji ardhi ile, na wakaja watu wa mradi wa mazingira. Wakasema patafanywa hifadhi ya mikoko na ndege, na watu watapalipia kuja kupaona. Watu walicheka. Lakini kweli, kibanda cha mizani ya chumvi kilipakwa rangi kikawa darasa la wanafunzi, benchi zikawekwa, na njia ya matembezi ikapita juu ya tuta lile lile. Siku za sikukuu familia za Lindi zikaanza kuja na mahotipoti ya pilau kuwatazama heroe na yangeyange wakisimama kwenye maji ya mvua mle mabwawani. Getini kulikuwa na bango lenye picha ya msitu wa kijani kibichi. Ama mikoko yenyewe, ilikuwa kwenye hilo bango tu.

Bwana misitu aliyepewa hifadhi ile aliitwa Valerian, kijana wa Songea, mpole, anayependa miti kiasi cha kuisalimia. Alimtafuta Kibibi siku ya pili tu baada ya kufika, akampa shikamoo, akamwambia kijiji kimemtaja kuwa ndiye anayelijua eneo kuliko wote, na angependa awe mlinzi.

"Mama, wewe palinde tu kama ulivyokuwa unapalinda zamani," alimwambia.

Kibibi akaitikia. Na kweli akapalinda kama zamani.

Alifukuza mbuzi, alikemea wakata kuni, aliwaonyesha wageni ndege na majina yao. Hayo Valerian aliyaona. Ambayo hakuyaona ni ya alfajiri. Kila zilipofika siku za bamvu, akishaswali, Kibibi alivua kandambili na kupita juu ya tuta zima, akisikiliza. Palipovuja akaziba. Mlango wa maji ulikuwa umeoza, akaushindilia tope toka chini hadi juu. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa nini? Mpishi hatangazi kwamba ameosha sufuria. Tena sasa kulikuwa na miche midogo mle ndani, ametoka kuipanda kwa mikono yake pamoja na wanakijiji, na alikuwa hataki kuona bahari inaiingilia na kuing'oa.

Miche ikafa. Valerian akasema ni chumvi iliyobaki ardhini, akaleta mingine. Ikafa. Akaleta aina nyingine, mchu badala ya mkoko, na samadi ya magunia. Ikanyauka majani, ikawa vijiti vyeusi safu kwa safu. Kibibi alikuwa akiimwagia maji ya kisima kwa ndoo mpaka kiuno kikamkataa. Na katika miaka hiyo mitatu, kila Valerian alipofika kutoka Lindi na pikipiki yake, saa za mchana, jambo moja hakuacha kulisema. Alisimama juu ya tuta, akaligonga kwa kisigino cha buti na kutikisa kichwa: tuta hili ni imara kwa ajabu, sijapata kuona. Kibibi aliinamisha macho. Alijua anasifiwa, na hakuona uungwana wa kujibu.

Ndipo mwezi wa tatu mwaka huu ikaja barua ya wakubwa wa mradi. Mradi unafungwa kwa sababu hakuna kilichoota, na Valerian anatakiwa aeleze kwa maandishi miche yote ile alikuwa akiipeleka wapi. Wakati huohuo alikuwa amejitokeza mfanyabiashara aitwaye Boniface, mtu wa makamo, nadhifu, aliyetaka kufufua chumvi ya Namwedi. Mabwawa yapo, tuta lipo, alisema, kinachokosekana ni mtu wa kufungua mlango. Mwenyekiti wa kijiji, Ibrahimu, akaitisha mkutano mkuu baada ya siku tisa ili watu wachague: hifadhi au chumvi.

Valerian alimpa Kibibi habari hizo wakiwa wamekaa kwenye benchi ya kibanda cha mizani. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kosa lake ni moja, aliitegemea bahari. Mpango wenyewe, alimweleza, haukuwa kupanda hasa. Miche ilikuwa ya kuanzia. Mkoko unataka maji ya bahari yaingie na kutoka mara mbili kwa siku, ndiyo yanayoosha ardhi na kuleta mbegu. Kwa kuwa mlango ulishaoza na kaa ni wengi, walihesabu kwamba bamvu mbili tatu zingelibomoa tuta zenyewe, bila gharama ya katapila.

"Miaka mitatu nasubiri lipasuke," alisema. "Halipasuki. Sijui huyu mzee Nazarali alichanganya nini humu."

Kibibi aliaga kwamba anakwenda kuwatazama mbuzi, na mbuzi hawakuwepo.

Alikwenda hadi penye nguzo ya mlango wa maji, upande wa kusini, mahali alipopachukia kuliko pote. Hapo mbao zilizooza na kaa vilikuwa vimemshinda. Kila alipoziba palifunguka tena baada ya siku mbili, na kijito cha maji ya bahari chembamba kama mkono kilikuwa kikiingia na kutoka kitakavyo. Alikuwa akipaonea aibu, hata wageni hakuwapitisha. Sasa akachuchumaa akatazama vizuri. Pembezoni mwa kijito kile palikuwa na mikoko kumi na tisa. Aliihesabu kwa kidole. Imefika magotini, majani yanang'aa, na hakuna hata mmoja uliopandwa na mtu, kwa kuwa haikuwa kwenye safu. Pande zote alikofanya kazi yake sawasawa palikuwa na vijiti vyeusi. Pale alipochemsha ndipo palipoota.

Alikaa chini kwenye tope na kanga yake. Aliona aibu ambayo hakupata kuiona tangu azaliwe, aibu ya kutamani udongo umfunike, na chini ya aibu palikuwa na hasira, maana kama mtu angefungua mdomo siku moja tu, yeye au yule kijana, yote hayo yasingetokea. Msitu ule aliukata kwa panga akiwa msichana, sawa, alikuwa mtoto, alifuata watu. Lakini mara ya pili aliuua akiwa mtu mzima, kwa bidii, alfajiri baada ya swala, na huku akijiona mwema. Jioni ile hakula. Binti yake aliuliza kama anaumwa, akamwambia asimsumbue.

Kesho yake alimngoja Valerian getini, na hakuzunguka. Alimweleza tangu mwanzo: kutembea peku, ubaridi, tope, nyasi, kisigino. Alimweleza kuhusu mlango. Valerian alisikiliza mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu, na Kibibi hakuweza kujua kama bado ni kicheko.

"Mama," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisifu," Kibibi akamjibu. "Ningesemaje tena?"

Valerian alifuta uso. Akasema kazi yake sasa iko mikononi mwa wakubwa, na kwamba hawezi kulitia tuta jembe hata kama angetaka. Mradi umekwisha na tuta ni mali ya kijiji. Atakachofanya ni kuandika ukweli kwenye barua yake, lakini jina la Kibibi hataliandika. Kibibi akamwambia aliandike. Tena mbele ya mkutano atalisema mwenyewe, ili asijetokea mtu wa kunong'ona kwamba mgeni wa Songea alikula miche. Valerian akamwonya kwamba watu watamcheka. Akasema wacheke, meno ni yao.

Siku nane zilizobaki aliziishi kama mtu aliyeacha tumbaku. Aliamka alfajiri ile ile na miguu ikataka kwenda. Mara moja alifika hadi juu ya tuta, akasikia ubaridi chini ya kisigino cha kulia, tundu jipya, bichi, la kiganja tu kuliziba, na mkono ulikwisha kushika tope kabla hajajishtukia. Akalitupa. Akarudi nyumbani akapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Mvua za kwanza za masika zilinyesha siku tatu mfululizo, na alilala akijua udongo unalainika, na hakuna anayejua unalainikia wapi isipokuwa yeye.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye uwanja wa shule. Boniface alizungumza kwanza, na tusimwonee, alizungumza vizuri. Hakuahidi mbingu. Alisema ajira sitini za msimu, mashine ya kutia madini joto, na mifuko yenye jina la Namwedi. Watu walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Somoe, msaidizi wa zamani wa Kibibi, ambaye tangu chumvi ife alikuwa akiuza maandazi barabarani na wajukuu wanne juu ya mgongo wake. Kibibi alimwona. Hakumlaumu, lakini ilimchoma.

Zamu yake ilipofika alisimama mbele akiwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Aliwaambia kwamba miche haikufa kwa chumvi, wala kwa uzembe wa bwana misitu, wala kwa kuibwa. Iliuawa na yeye. Akaeleza vipi. Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana, kikaja mbele kikawakamata hata wazee, na mwenyekiti Ibrahimu mwenyewe alificha uso kwa faili. Kibibi alisubiri. Alisimama mikono kiunoni mpaka wa mwisho akanyamaza, na hapo wengine wakaanza kuona haya kwa nini walicheka.

Akasema haombi msamaha leo, atauomba siku nyingine. Leo anataka wajue kwamba hifadhi haikushindwa. Haijajaribiwa. Palipoingia bahari pameota, waende wakahesabu, iko kumi na tisa. Mama yake aliwalisha watoto saba kwa kaa wa mle, bila msimu, bila msimamizi. Yeye alimnyang'anya mama yake kitoweo, na hataki kumnyang'anya mjukuu wake. Wamruhusu alikate tuta mahali pawili, kwa jembe lake, bila malipo.

Boniface akanyanyuka kwa adabu. Akasema tuta likikatwa hakuna kurudi nyuma, kulijenga upya ni gharama kuliko mabwawa yenyewe, na si haki kulivunja kabla watu hawajachagua. Ikawa zogo. Mikono ilinyooshwa mara mbili na mara zote mbili hesabu ilikaribiana mno, watu wakabishana nani amenyoosha miwili. Ibrahimu, ambaye katika maisha yake hakupata kuamua jambo lililoweza kuahirishwa, akaahirisha. Mkutano utakaa tena baada ya mwezi.

"Na mpaka hapo," alitangaza, na mtendaji wa kijiji akaandika, "tuta lisiguswe na mtu yeyote. Awe wa hifadhi, awe wa chumvi. Lisiguswe."

Watu walitawanyika adhuhuri imekwisha kupita, wakifikiri Kibibi ameshindwa. Yeye mwenyewe alifikiri hivyo kwa hatua kama ishirini. Kisha akasimama katikati ya njia. Akatazama juu, ingawa mchana mwezi haukuonekana, akahesabu kwa vidole. Jana mwezi ulikuwa umejaa. Mwezi wa tatu, bamvu kubwa kuliko zote za mwaka, na maji yatafika juu kabisa saa kumi alasiri. Hakwenda nyumbani.

Alipofika kwenye tuta saa tisa na robo, maji yalikuwa yamekwisha kupanda upande wa bahari mpaka karibu na bega la udongo. Alivua kandambili. Hakuwa na haja ya kutembea sana. Hatua themanini kutoka kwenye mlango, pale lilipo lile tundu bichi aliloacha kuliziba, ubaridi ulikuwa umekwisha kuwa maji yenyewe. Upande wa ndani kijito kilikuwa kikitoka cha rangi ya tope, kimeanza kubeba udongo. Kibibi aliijua rangi ile. Kijito kikitoka maji safi, una siku nzima. Kikianza kutoka na udongo, una nusu saa.

Alikaa kando ya tundu, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja akaikalia.

Naona wapo watakaosema hiyo nayo ni kazi gani, kukaa. Na wajaribu. Miaka ishirini na sita na mitatu juu yake, mwili ule haukujua jambo jingine mbele ya maji yanayopenya. Tope zuri la mfinyanzi lilikuwa hapo hapo, mkono ungelifikia. Alisikia udongo ukinyofoka kipande kwa kipande ndani ya tuta, udongo alioubeba akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, na alilia, kwa sababu tuta lile lilikuwa limejengwa vizuri na halikumkosea mtu.

Valerian alikuja mbio, akaona, akasimama. Baada yake akaja Boniface na viatu vyake mkononi, pamoja na Ibrahimu na kundi la watu, maana kishindo cha maji kilikuwa kimeanza kusikika hadi barabarani. Boniface aliangalia tundu, sasa la kupitisha kichwa cha mtu, akageuka kwa Kibibi.

"Mama, nakuomba. Lizibe. Wewe unajua, nimekusikia leo ukieleza."

"Mkutano umekataza kuligusa," Kibibi alimjibu bila kunyanyuka. "Mwenyekiti huyo hapo, muulize."

Ibrahimu akamgeukia mtendaji. Amri ilikuwa yake, na mtendaji alikuwa ameiandika. Vijana wawili wa Boniface walichota tope wakalitupia tunduni, na maji yakalitema kabla halijatua. Hawakujua kwamba tope halikai bila nyasi, wala kwamba hulizibi kwa kulitazama usoni, unalizibia kwa juu. Ndipo Kibibi alipomwona Somoe akija juu ya tuta, peku, na karai la tope kichwani na fungu la nyasi kwapani.

Huyu ndiye mtu pekee duniani aliyeweza. Nusu saa ilikuwa haijaisha, palibaki dakika kumi, na Somoe kwa mikono yake angeweza kulifunga kwa dakika tano. Hakuna hoja aliyobaki nayo ambayo hakuisema asubuhi, na kumshika mkono hakutaka. Somoe akafika, akasimama juu ya tundu, akalipima kwa unyayo, akatua karai.

"Bado linazibika," Somoe alisema.

"Najua."

"Nina wajukuu wanne, Kibibi. Na wewe unataka niwape kaa watakaokuja mwaka gani?"

Kibibi alimtazama mwenzake usoni. "Sijui mwaka gani," alisema. "Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Lakini ile kazi ya sitini anayoisema, mimi na wewe hatumo, Somoe. Watachukua wenye visigino vizima. Sisi tutaitwa siku ya kuziba."

Watu wote walikuwa wakisikia. Boniface aliinua mkono kutaka kusema, kisha akaushusha, na Somoe akautazama mkono ule ulioshuka. Kisha akainama, akalishika karai kwa masikio yake mawili, na kulipindua upande wa bahari. Tope lilikwenda na maji. Akakaa chini karibu na Kibibi, bega kwa bega, akasema kwamba kuanzia kesho atataka kukaa getini na maandazi yake siku za wageni, na asije mtu akamwambia habari ya kibali.

Tuta lilikatika saa kumi kasorobo. Lilishuka bila kelele nyingi, kiasi cha upana wa nyumba, na bahari ikaingia Namwedi bila mlango kwa mara ya kwanza baada ya miaka karibu arobaini. Ilipita kwenye vijiti vyeusi, safu kwa safu, ikavilaza vyote. Ibrahimu alikuwa akimwambia mtendaji aandike kwamba hakuna aliyeligusa.